Jogoo Aliyenona

Alhamisi, 12 Juni

Mchungaji ametangaza kwamba Jumapili tutapata mgeni Mwingereza, Bibi Catherine. Anatafutwa kijana wa kumtafsiria, na akifaa atatembea naye wiki nzima. Nimejitolea! Sauti ilitoka ndogo, ila ilitoka. Lemburis naye kajitolea. Lemburis! Nitaanza mimi, nikishindwa ataingia yeye. Nashilu wa kwaya alikuwa anasikiliza.

Ijumaa, 13 Juni

Nimegundua udhaifu wa adui. Kwa Lemburis kila kitu ni "big". Mlima big, mgomba big, Mungu big. Nitamshinda kwa usahihi. Nimeshinda migombani na kamusi: large, huge, great, kila moja na mahali pake. Mama kaniuliza kama ng'ombe nao watakula kamusi. Nimekata majani, kwa uchungu.

Jumapili, 15 Juni

Aibu.

Ibada ilipita salama, maana mahubiri nilipewa tangu jana. Kisha tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mayai, ndizi, kahawa. Mzee Elifuraha akainua jogoo, akanadi kwamba amenona hasa. Bibi Catherine akaniuliza mzee anasemaje.

Fat? Hilo ni la mtu mvivu. Stout? Plump? Nikanyoosha kidole ili mgeni anisubiri. Mzee Elifuraha akapandisha bei. Nikafikiri zaidi. Nikanyoosha tena. Watu wakaanza kupiga makofi, nikadhani wananitia moyo.

Lemburis akamwambia mgeni, "Chicken. Big." Mgeni akacheka, akamfuata yeye.

Akiba yangu ya kununulia kamusi mpya imekwenda yote. Mama alinitazama nikipokea jogoo.

"Yona, mwanangu," akasema taratibu, "huyo ni wa kwetu. Nimemtoa mimi asubuhi."

Jumatatu, 16 Juni

Jogoo kawika kabla ya alfajiri, karibu na sikio langu. Lemburis kapita na mgeni, wanashuka mjini. Nashilu yumo msafarani!

Nimejichunguza kwa unyofu. Kosa nimeliona: kamusi yangu ni ndogo mno. Jirani yetu Tekla anayo nene, haisomi. Nimempelekea jogoo tubadilishane. Kakubali mara moja, kauliza tu kama jogoo amenona.

Amenona? Amenenepa? Amejaa?

Nimenyoosha kidole. Nimemwomba anisubiri hadi kesho.