Rekodi Safi ya Leonard Mwakipesile

Geofrey alimwona yule mama kabla hajafunga mwavuli, na mwavuli ulipofungwa alikuwa ameshampenda. Mama alivaa koti zuri la sufu na viatu vya gharama, na kwapani alibana faili la plastiki lenye karatasi zilizopangwa kwa rangi. Mtu anayepanga karatasi zake kwa rangi ni mtu anayeamini karatasi, na mtu anayeamini karatasi ndiye riziki ya Geofrey hapa duniani.

Yeye alikuwa kwenye meza yake ya kila siku, ya dirishani, katika mgahawa mmoja wa Kilburn High Road, London, ambako kikombe kimoja cha chai, ukijua kukinywa, kinakulindia kiti tangu saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mezani palikuwa na simu mbili, moja ikiwa nzima, na muhuri wa mbao uliofunikwa kwa leso. Hiyo ndiyo ofisi. Watu walimwita Inspekta, naye hakuwahi kuwasahihisha, kwa sababu alilelewa kuheshimu watu.

Kazi yake ilikuwa kutafuta rekodi za jinai. Unataka kujua kama mchumba wa binti yako amewahi kukamatwa? Kama mpangaji wako amewahi kufungwa? Mpe Geofrey jina la huyo mtu, tarehe ya kuzaliwa na kaunti anayoishi, iwe Kent, iwe Essex, iwe popote, na baada ya siku tatu ripoti utakuwa nayo mkononi.

Sasa, kuna jambo dogo. Nchi hii haina daftari la wahalifu ambalo mtu baki anaweza kulifungua akasoma. Rekodi yako utaiomba mwenyewe kwa jina lako, na ya jirani yako haikuhusu. Kilicho wazi ni mahakama: orodha ya kesi ipo, mlango uko wazi, unaingia, unakaa nyuma, unasikiliza, unarudi zako. Geofrey aliyajua haya yote. Aliona tu kwamba ni ukatili kuwakatisha watu tamaa kwa ukweli wa namna hiyo, kwa hiyo rekodi akawa anaziandika mwenyewe, maktaba, kwenye kompyuta ya umma.

Na zilikuwa rekodi nzuri. Sisi tuliotoka kwetu tumezoea cheti cha tabia njema. Unapigwa alama za vidole, unakaa kwenye benchi, unaambiwa urudi kesho, na hatimaye afisa anakigonga muhuri hadi meza inatikisika. Hapo ndipo unajua kwamba tabia yako ni njema. Waingereza wao wanakutumia barua pepe! Haina wino, haina muhuri, utamwonyesha nani? Geofrey aliliona pengo hilo akaliziba. Alichongesha muhuri wa mviringo wenye taji katikati, na pembeni maneno COUNTY RECORDS. Fundi akakosea, akachonga COUNTRY, R ikajipenyeza isipotakiwa. Geofrey hakuurudisha. Muhuri hausomwi, muhuri unaangaliwa.

"Shikamoo, mama," alisema akisimama. "Karibu. Pole na mvua."

"Marahaba." Mama aliketi. Kiswahili chake kilikuwa cha Mwanza, kilichonyooka. "Mimi naitwa Pramila. Nina duka Tooting, la unga na viungo. Naambiwa wewe ndiye Inspekta."

"Watu wanapenda kukuza mambo, mama. Niite Geofrey tu."

"Haya, Geofrey tu. Nataka unitafutie mtu."

"Mchumba?"

"Nina miaka sitini na nane, na mume. Nilikuwa na mume," alijisahihisha haraka, akagusa pembe ya jicho kwa kidole. "Mtu mwenyewe anaitwa Leonard Mwakipesile."

Chai ilimpalia Geofrey. Ilimpalia kwa sababu Leonard Mwakipesile alikuwa ni yeye. Jina hilo ndilo lililokuwa kwenye pasi yake ya kusafiria, na Geofrey lilikuwa jina lake la katikati, alilolihamishia mbele miaka miwili iliyopita, siku ile ile alipobadili namba ya simu na kuhama kutoka kusini mwa mto kuja kaskazini. Alikuwa na desturi ya kueleza kwamba alihama kwa ajili ya hewa.

"Unamjua?" Pramila aliuliza.

"Simjui kabisa," alisema Leonard, maana sasa tumwite kwa jina lake. "Kafanya nini huyo?"

"Mema."

Leonard akaweka kikombe chini.

"Miaka miwili iliyopita," Pramila alieleza, "dada yangu Champa alipata bwana wa Essex anayetaka kumwoa. Huyo Leonard akatuandikia ripoti ya huyo bwana. Bwana Geofrey, ripoti ile iliyabadilisha maisha ya Champa. Mume wangu Hemal hakuisahau. Akaacha neno kwamba juu ya duka letu kuna chumba, kina jiko lake, choo chake na mlango wake. Leonard apewe, aishi humo."

Hapa lazima ujue Leonard alikuwa analala wapi. Kwa miezi kumi na minne alilala kwenye kochi la binamu yake Philemon, dereva wa basi, mtu mpole asiyejua kusema hapana. Mkewe Adelina alijua. Adelina alimpa Leonard mpaka Jumapili, na aliposema Jumapili alimaanisha hii inayokuja. Binti yao wa miaka sita, aliyeelewa Kiswahili chote lakini akijibu kwa Kiingereza tu, alimwuliza kila asubuhi kwa upole: "Uncle, is it Sunday yet?" Baada ya Jumapili kulikuwa na barabara.

"Lakini wakili wangu ni mgumu," Pramila aliendelea. "Anataka mambo mawili. Kwanza, Leonard awe na rekodi safi, kaunti zote. Pili, athibitike kuwa ndiye yule yule aliyeandika ripoti ya Champa. Akina Leonard ni wengi."

"Wengi mno," alisema Leonard kwa huzuni.

"Nataka iwe kwa maandishi, na saini, na muhuri. Itachukua siku ngapi?"

"Kwa kawaida wiki mbili." Alitazama dari kana kwamba kalenda iko huko. "Lakini kwa heshima ya marehemu, Ijumaa."

Alipobaki peke yake alijaribu kumkumbuka Champa, na akamkumbuka vizuri: mwanamke mdogo wa umbo, mjane, anayefunika mdomo akicheka, na bangili sita za dhahabu zikilia mkononi kila alipofungua ukurasa. Ripoti ya yule bwana wa Essex aliiandika kwa nusu saa, pamoja na muda wa kutafuta kalamu. Yaliyofuata baada ya hapo hakuyauliza. Hakuwahi kuuliza yaliyofuata kwa mteja yeyote, kwa sababu mtaalamu haingilii mambo ya watu ya ndani. Kumbe walioana! Kumbe wanaishi kwa raha! Leonard alijinyoosha kitini. Amewahi kutenda jambo jema, tena bila hata kukusudia.

Ripoti juu ya Leonard Mwakipesile aliiandika kwa siku mbili, na haikuwahi kutoka maktaba ile kazi iliyotukuka kama hiyo. Alimchunguza Leonard kaunti kwa kaunti asimkute na doa. Hili, kwa bahati, lilikuwa kweli: hakuwahi kukamatwa popote. Ukurasa wa pili aliuandika kwa lugha ya kiserikali: "Nimethibitisha pasipo shaka yoyote kwamba Leonard Geofrey Mwakipesile ndiye hasa aliyeandika, kusaini na kugonga muhuri ripoti ya Bi. Champa, peke yake, bila kusaidiwa na mtu." Maneno "bila kusaidiwa" aliyaongeza mwishoni, asije akatokea mtu akadai nusu ya chumba.

Ijumaa asubuhi alifunga sanduku lake.

"Shemeji," alimwambia Adelina mlangoni, kifua mbele, "nimepata kwangu."

"Nani kakupa?"

"Marehemu."

"Basi nenda haraka," alisema Adelina, "kabla hajabadili mawazo."

Duka la Tooting lilinukia bizari na uvumba. Pramila alikuwa kaunta, na karibu na friji alisimama mwanamume mnene aliyevaa sweta, anakula kachori bila haraka. Leonard aliegesha sanduku lake pembeni, mahali ambapo lingeonekana.

Pramila alivaa miwani akasoma neno kwa neno.

"Kwa hiyo ni safi."

"Kaunti zote, mama."

"Na ndiye mwenyewe."

"Ukurasa wa pili hapo."

"Na yuko wapi?"

Leonard alivuta pumzi. Akatoa pasi yake akaiweka juu ya kaunta, akaifungua penye picha. "Mama, naomba usishtuke. Leonard ni mimi."

"Wewe!"

"Mimi. Sikutaka kujitangaza. Mtu ukitenda wema unakaa kimya."

"Hapana, bwana. Matapeli ni wengi siku hizi. Mtu akisikia chumba, anasema ndiye yeye."

Leonard aliumia kabisa. Katika maisha yake yote alikuwa amesema uongo akaaminiwa, na leo anasema kweli anakataliwa! Akaeleza kila kitu: mgahawa walikokutana, shali aliyovaa Champa, bangili sita. "Nani mwingine angeyajua hayo?"

"Sawa," Pramila alisema taratibu. "Na yule bwana, ulikwenda Essex kumchunguza?"

"Essex nikafanye nini?" Leonard alicheka, kwa kuwa sasa walikuwa ndugu. "Nilimtazama Champa usoni nikaona anataka kuolewa. Nikampa alichokitaka. Utafiti ni huo, mama, mengine ni wino."

Pramila hakucheka. Pazia la nyuma ya duka lilifunguliwa, akatoka mwanamke mdogo aliyeweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta, karibu na pasi. Mikono ilikuwa mitupu.

"Alikuwa na wake wawili, Leonard," alisema Champa. "Na kesi tatu. Zote zilisikilizwa mahakamani, mchana, mtu yeyote angeweza kuingia akasikia. Mimi mwenyewe ningeweza. Sikwenda, kwa sababu nilikuwa na karatasi yako. Zile bangili alizoondoka nazo zilikuwa za mama yetu."

Leonard aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, alidhani ni njaa.

"Okay, Mummy, that's enough," alisema yule mwenye kachori, akifuta vidole. Huyu alikuwa Kuldip, mkwe wa Pramila, na kazi yake ilikuwa upolisi. Wenzake wawili wenye sare walikuwa nje, mlangoni.

"Mlinijuaje?" Leonard aliuliza.

"Mteja wangu mmoja alinionyesha ripoti yako," Pramila alisema. "Karatasi mpya, jina jipya, lakini muhuri ule ule wa COUNTRY. Na mimi nimesoma shule ya masista Mwanza, bwana. Spelling tulikuwa tunachapwa."

"Na wosia je?" Sauti ya Leonard ilikuwa imepungua. "Wa marehemu?"

"Hemal yuko nyumbani anatazama kriketi. Anakusalimu."

Kesi haikuwa ndefu, maana shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa ripoti ya mshtakiwa mwenyewe, yenye saini na muhuri, na hakuna wakili ambaye angeweza kumpinga mtafiti makini kiasi hicho. Leonard alikiri. Viti vya nyuma vilijaa watu wa Kilburn na wa Tooting, waliogundua siku hiyo kwamba kuingia ni bure, na wengine walikuja na chakula.

Kilichomwokoa na jela ni kwamba hili lilikuwa kosa lake la kwanza. Hakimu alisema atafungwa mguuni kifaa cha kufuatilia nyendo zake, na kila siku, tangu saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, asitoke ndani ya nyumba. Nyumba gani? Mwenye nyumba lazima aridhie, na pasipo nyumba, alisema hakimu akimtazama Leonard juu ya miwani, itabidi tufikirie jela upya. Leonard aligeuka akamtafuta Philemon kwa macho. Philemon aliinamisha kichwa. Adelina ndiye aliyesimama, akasema "No", halafu akasema "Hapana", ili pasiwe na utata katika lugha yoyote.

Leonard alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Mimi ninacho chumba," ilisema sauti kutoka nyuma. Pramila alikuwa amesimama na faili lake la plastiki. "Kiko juu ya duka. Mchana atafanya kazi chini, alipe kidogo kidogo alichomfanyia dada yangu. Ufunguo atakaa nao Champa."

Hakimu aliguswa sana na ukarimu huo, akausifu mbele ya watu wote. Champa alifunika mdomo. "Mimi nimepoteza bangili sita," alimnong'oneza dada yake, "yeye kapata moja."

Chumba kilikuwa kama alivyoahidiwa, na jiko lake, na choo chake, na mlango wake. Miezi mitatu baadaye, asubuhi moja, aliingia dukani muuguzi kijana aitwaye Vaileth, akazungukazunguka kwenye rafu bila kununua kitu, hadi alipojikaza akamwuliza Pramila kama anamjua mtu wa kutafuta rekodi. Alikuwa na mchumba, na mchumba ana siku ambazo haelezi alikuwa wapi.

"Leonard!" Pramila aliita.

Leonard alikuja na gunia la unga begani, suruali imepanda na kifaa kinaonekana. Alipoambiwa shida yenyewe alitua gunia na kujipangusa.

"Rekodi ya mtu mwingine huwezi kuipata, dada," alisema. "Anayekwambia ataipata, mkimbie. Mwombe mwenyewe akaiombe yake, akuonyeshe."

"Na akikataa?"

Leonard alimtazama Champa, aliyekuwa anapanga mitungi ya achari na hakugeuka.

"Akikataa, umeshapata rekodi."

Vaileth alivuta pumzi ndefu, akafungua mkoba wake. "Ahsante, kaka. Nikupe pauni ngapi?"

Mkono wa Leonard ulinyooka wenyewe. Champa akakohoa.

"Bure," alisema Leonard, na neno hilo lilimuuma mpaka kwenye meno.