Anatafutwa Abiria Aliye Hai

Jumatatu, 6 Oktoba

Serikali imeamka. Tena imeanza na mimi.

Tumeitwa ofisi ya zoni ya afya, wenye ambulansi binafsi wote wa Likasi. Yaani watu wawili: mimi na Augustin wa Kikula. Madame Gaëlle, mkaguzi kutoka idara ya afya ya jimbo, ametueleza kwa upole unaotisha. Kuanzia wiki ijayo, ambulansi ambayo mwenyewe na dereva wake hawana mafunzo itaegeshwa. Tunasoma wiki hii, Ijumaa mtihani. Na mtihani ndio huu: umtoe mgonjwa nyumbani kwake, umfikishe kituo cha afya, Madame akiwa ndani ya gari anatazama.

Nimeuliza kama mtu mwenye uzoefu anaweza kusamehewa masomo. Sijawahi kupata lalamiko hata moja kutoka kwa abiria wangu! Madame akataka kujua abiria wangu ni watu wa namna gani. Augustin akaniwahi, akasema ni maiti. Nyoka yule.

Ni kweli, lakini si lazima lisemwe mbele za watu. Nawatoa chumba cha maiti, nawapeleka vijijini kwao, Mulungwishi na mbele zaidi. Kazi safi. Maiti hatapiki, hana haraka, halalamikii mashimo. Madame akasema kanuni mpya inakataza. Ambulansi ni ya walio hai, wafu wana gari lao. Na mgonjwa wa mtihani lazima atoke mtaa wangu, akubali kwa hiari yake. Bila hivyo gari linalala, na sisi nyumbani tunakula kwa gari hilo tu.

Ofisini, kwenye kona, kuna sanduku refu jeusi lenye kufuli. Ndani kuna nini? Nimeuliza, nimeuliza tena. Madame anasema kesho. Nitalalaje?

Jumanne, 7 Oktoba

Ni mtu! Yaani mwanasesere. Kichwa na kifua tu, hana mikono, hana miguu. Mweupe kama mshumaa, mdomo wazi kidogo, utadhani alitaka kusema neno wakamkatiza. Ukimkandamiza kifua sawasawa anatoa mlio: tak. Ukikosea, kimya. Nimekandamiza hadi Madame akaniomba niwaachie wenzangu.

Hewa inaingilia wapi? Inatokea wapi? Nani alimbuni, na mke wake alisema nini siku ile alipomleta nyumbani? Wakati wa somo la kumlaza mgonjwa na kumfunga mikanda, mimi nilikuwa nyuma ya darasa, nimempindua, natazama mgongo. Kuna zipu! Ndani kuna mfuko na springi. Nimeridhika sana. Somo limenipita kidogo, lakini Ruphin, dereva wangu, alikuwa anasikiliza. Mmoja akisikia, gari zima limesikia.

Jioni nimezunguka Panda, mtaa wangu, kutafuta mgonjwa. Nimeanza na jirani yangu Papa Élysée, mstaafu wa kiwanda, ambaye goti lake limevimba kama papai. Amenipa kiti nje, amenisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema:

— Deo, minye siyakufa bado.

Akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Kwa heshima, lazima nikiri.

Nikaenda kwa Mama Albertine, muuza sombe, majani ya muhogo, wa kona. Nilisikia ana homa tangu Jumapili. Nilikwenda na gari kabisa, aone jinsi lilivyooshwa. Alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Alipoliona akasimama, akachukua ufagio, akafagia uwanja mzima, akasema homa imekwisha. Nimestaajabu. Je, gari langu linaponya watu kabla hawajapanda? Nitamuuliza Madame.

Bibiane, mke wangu, amecheka hadi akaacha bukari, ndiyo ugali, ikaungua. Anasema hakuna mtu wa Panda aliyewahi kuona abiria akishuka kwenye gari langu kwa miguu yake. Hilo sikuwa nimelifikiria. Linavutia.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimelala na jambo hilo, nimeamka na dawa yake. Watu wanaogopa kwa sababu hawajaona. Basi waone! Ruphin alale nyuma kwenye machela, mimi niendeshe, tupite barabara zote za Panda, naye apunge mkono dirishani. Mtu hai, ndani ya ambulansi, mwenye furaha. Mtoto anaweza kuelewa.

Nilimwagiza mambo mawili. Kwanza, asiondoe shuka, maana shuka jipya linaonyesha usafi. Pili, apunge polepole, kwa adabu, asije akaonekana mlevi.

Ruphin ni mtu mtiifu. Alilala kimya chini ya shuka jeupe, na kila tulipokaribia kundi la watu, mkono ulitoka chini ya shuka, polepole, ukapunga. Mama mmoja aliacha beseni lake la mikate katikati ya barabara na hakurudi kulichukua. Wazee wawili waliokuwa wanacheza dama walikimbia, kila mmoja upande wake. Karibu na kanisa mtu alipiga magoti. Nilidhani ananisalimu, nikampigia honi.

Bibiane anasema mtaa mzima sasa unasema kwamba kwa Deo hata wafu wanaomba kushuka.

Darasani Augustin ametangaza kwamba yeye ameshapata mgonjwa. Mpwa wake amevunjika mkono. Familia nyingine zina bahati.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika nikiwa nimechoka. Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa ya mapumziko nilimwazima mwanasesere. Sikusema naazima, lakini moyoni nilijua nitamrudisha. Mpango ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kufikiri. Yeye hapungi mkono, hawezi kuharibu. Nilimfunika blanketi, uso nje, nikamvika kofia yangu ya kanisani. Tutapita sokoni tukipiga king'ora, mgonjwa amelala. Kisha tutarudi kimya, mgonjwa amekaa kiti cha mbele, amepona. Nani ataogopa tena?

Nilisahau mlango wa nyuma. Huwa tunaufunga kwa waya. Wafu hawausukumi.

Pale sokoni kuna shimo. Gari liliruka, waya ukakatika, blanketi likaenda kwake, mwanasesere akaenda kwake. Alibingirika hadi kwa wauza nyanya, akasimamia kifua, kofia bado kichwani. Nusu ya mzungu! Soko zima likapiga kelele kwa pamoja. Nilimwokota, nikamtupia ndani na blanketi lake juu, nikaondoa gari. Sasa naona kwamba kuondoka kwa mbio hakukusaidia.

Habari ilifika Panda kabla yangu. Injinia mgeni amekatwa na mashine huko migodini Kamatanda, na Deo amechukua kipande kimoja tu, pengine kwa bei ya nusu. Uwanjani kwangu kilio kilikuwa kimeanza. Viti vimepangwa, moto umewashwa, wamama wawili wanalia vizuri sana kwa mtu wasiyemjua. Bibiane alikuwa anawapokea wageni kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Wakaja polisi wawili. Mkubwa wao alifungua gari, akafunua blanketi, akaniuliza kwa sauti ya chini:

— Papa Deo, nusu ingine iko wapi?

Nikajibu kwamba haijawahi kuwepo. Jibu hilo halikumfurahisha.

Ndipo akaingia Madame Gaëlle, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Nilijua nimekwisha. Hakunitazama hata. Alimchukua mwanasesere, akamlaza kwenye benchi ya kilio, akamkandamiza kifua. Tak. Wamama wakaacha kulia. Tak, tak. Mmoja akauliza, machozi bado mashavuni, ndani kuna nini. Madame akafungua zipu. Uwanja wote ukasogea! Watu ambao asubuhi wangevuka barabara wanikwepe walikuwa wanapigana vikumbo waone springi. Wakapanga foleni, kila mtu ajaribu. Polisi walijaribu pia, mkubwa akashindwa, mdogo akaweza, wakaondoka bila kusemezana.

Papa Élysée aliweza mara ya kwanza. Alifurahi kama mtoto. Akasema basi kesho goti lake liko tayari, ila atakaa wima, dirisha wazi, na ataongea njia nzima ili watu wamsikie. Nina mgonjwa! Nina abiria aliye hai!

Madame ameniambia kwamba mwanasesere ni mali ya serikali na tutazungumza baada ya mtihani. Sawa. Mtaa wote ulikuja leo isipokuwa Mama Albertine. Nadhani alikuwa na wateja wengi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Asubuhi Papa Élysée alikuwa getini amevaa suti ya Pasaka. Madame ameketi nyuma na kalamu yake. Ruphin amewasha gari. Nilikuwa nafungua mlango nimsaidie mzee kupanda, mara Jenny, binti wa Mama Albertine, akaja mbio bila viatu. Mama yake haitiki. Homa haikuwa imekwisha hata siku moja. Siku ile alifagia uwanja ili mimi niondoke.

Nilisimama nimeshika mlango. Papa Élysée akanisukuma bega:

— Chukua ule mama. Goti itangoja.

Tulimkuta kwenye mkeka uleule, anapumua kwa shida, mwili unawaka. Ruphin na Jenny walimbeba hadi kwenye machela. Mimi nikaingia nyuma. Madame akaniuliza naanza na nini. Kichwani mwangu hamkuwa na kitu, ni mlio ule tu. Nikasema natafuta mahali penye tak. Madame hakupandisha sauti. Alisema mtu anayepumua hakandamizwi. Mlaze ubavu, asije akapaliwa na matapishi. Funga mkanda. Shika kichwa.

Nikamlaza ubavu. Nikafunga mkanda. Nikashika kichwa chake kwa mikono yote miwili, shimo baada ya shimo. Mashimo ya barabara hiyo ni mengi, sijui kwa nini sikuwahi kuyaona. Niliogopa, naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Sijawahi kubeba mtu anayeweza kufa. Wangu wote walikuwa wamekwisha kumaliza. Nilimwambia Mama Albertine kwamba sombe lake ni bora kuliko la Likasi yote, kwamba nitalipa deni langu, kwamba asinifie ndani ya gari langu. Ruphin alipiga king'ora, na watu wakatupisha.

Karibu na kituo alifungua macho. Akatazama dari ya gari. Akatazama uso wangu, akautambua. Akasema polepole:

— Kama ni njia ya mbinguni, iko na mashimo mingi.

Nililia. Madame akaniambia nilie lakini nisiachie kichwa.

Ni malaria, ile kali. Wamemwekea maji ya mshipa. Muuguzi anasema angechelewa hadi jioni tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Jenny alinishika mkono, akarudi kwa mama yake.

Uamuzi wa Madame: gari limepita, Ruphin amepita, mimi nirudie mafunzo yote mwezi ujao, na nisimguse mwanasesere. Kibali kinatolewa kwa majaribio. Nikikamatwa na maiti hata mmoja, kinachanwa palepale.

Jumamosi, 11 Oktoba

Panda nzima imekwenda kumtazama Mama Albertine. Amekaa kitandani, anakula uji, anasimulia safari. Kila akisimulia, mashimo yanaongezeka. Wakirudi wanapita kwangu. Wanaligusa gari. Wanauliza kile ni nini, na hiki kinafanya nini. Mtu mmoja ameomba apande tu, alale, ashuke. Nimemruhusu. Alishuka anacheka, wenzake wakampigia makofi.

Papa Élysée amepelekwa kwa goti lake, dirisha wazi, anasalimia kila mtu kwa jina.

Augustin naye amepita mtihani. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo.

Usiku huu moyo wangu ni mwepesi. Nimemwambia Bibiane kwamba tangu sasa ni walio hai tu. Amenipikia samaki.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi imekuja familia. Wana mzee wao chumba cha maiti, wanataka apelekwe kwao, upande wa Mulungwishi. Nimekataa. Nimekataa kabisa, kwa sauti! Wakasema wanaelewa, wataenda kwa Augustin.

Kwa Augustin?

Nikawaomba wakae kidogo. Nikachukua kanuni, nikaisoma tena kwa makini, jambo ambalo labda ningefanya tangu Jumatatu. Ni maandishi ya kuvutia sana. Yanakataza maiti. Lakini hayasemi mtu wa barabarani atajuaje kwamba huyu ni maiti. Mzee atakuwa na uso wazi. Familia itamsemesha njia nzima, wao wenyewe wamekubali, wanasema walikuwa na mengi ya kumwambia. Juu yake nitaning'iniza chupa ya maji ya mshipa. Tutapita mchana kweupe, king'ora juu.

Ruphin amekataa, amekwenda misa. Nitaendesha mwenyewe.

Bibiane ameshika kichwa. Ameniita kwa jina la mtoto wetu: wiki nzima hii, Papa Merdi, weye haukujifunza hata kitu kimoja.

Si kweli, na inaniuma kusemwa hivyo na mke wangu. Mzee nimeshamfunga mkanda. Na nimemlaza ubavu, asije akapaliwa.