Habari ya Eliakimu wa Masasi, Aliyemtoa Mkwewe Mara Sita

Sogeeni karibu, enyi watu wa bondeni na enyi watu wa mlimani, mnaobangua korosho na mliokaa bure, wenye viti na wenye kukalia mawe. Redio izimwe. Mwenye mtoto anayelia ampe ziwa, na mwenye simu ailaze kifudifudi asiione. Nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa Masasi siku ya Alhamisi, tangu saa mbili asubuhi hata saa saba kasorobo mchana, vita ambavyo havikumwaga damu ya mtu, vilimwaga chai tu, na chai yenyewe ilikuwa yangu.

Mimi ni Sabina, mpiga chapa wa ofisi ya kumbukumbu za kanisa. Msiseme nimesikia kwa watu. Nilikuwapo, na kiti changu kilikuwa hatua tatu kutoka uwanja wa mapambano. Majina elfu kumi na tisa ya waliobatizwa huku kwetu, tangu enzi za mababu waliovaa kanzu za misheni, niliyaingiza katika kompyuta kwa vidole hivi hivi, miaka minne, na nilipomaliza nikapewa kalenda. Sina kinyongo. Nasema tu.

Kompyuta hiyo ilisimama chini ya dirisha, imefunikwa kitambaa cha kufuma, kimya na nzito, nayo ilikuwa moja tu. Na Padri Reginald, bwana wa funguo zote, alikuwa ameweka sheria isiyopinda, kwamba atakayetia saini cheti cha ubatizo sharti auone ukurasa wa daftari ndani yake kwa macho yake. Kusomewa kwa simu hapana, kutumiwa picha hapana. Msimlaumu Padri. Mwaka wa nyuma mtu mmoja alisomewa kwa simu, akaandikiwa tarehe za marehemu babu yake, akaenda nazo kwenye ofisi fulani akaambiwa kwamba ana miaka mia moja na sita na kwamba amejitunza vizuri.

Kwa sababu ya sheria hiyo, mama mmoja wa Newala aliteseka. Jina lake Ethel, mlinzi wa muhuri wa kanisa huko juu, mwenye magoti mawili mabaya na ulimi mmoja mzuri. Kila alipotakiwa cheti aliteremka mlima mpaka Masasi, akalala kwa ndugu, akasoma ukurasa mmoja, kesho yake akapanda tena. Padri akamwonea huruma. Akaagiza iwekwe kompyuta ya namna ile inayopokea wageni wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja ameketi kwake, Newala ama Nanganga, naye anaingia kwa njia ya mtandao na kuona yaliyomo kana kwamba amekaa mbele yake. Kazi ya kufungua milango hiyo akampa Eliakimu.

Eliakimu! Mwana wa Anselmo, mfunga nyaya, mtambaa chini ya meza, mtu aliyewahi kuifufua mashine ya kuchapia kwa kuipuliza tu! Siku ya Jumatano alikunja mikono ya shati, akafunua kitambaa, akaketi mbele ya adui, nami nikamwekea sahani ya ming'oko, viazi vyetu vya porini, ya kuchemsha ili asife njaa vitani. Akaitafuta anwani ya kompyuta akaipata. Akaiamuru ruta, kile kisanduku cha mtandao chini ya meza, ipitishe wageni, ruta ikatii. Kisha akafungua orodha ya watakaoruhusiwa kuingia kutoka mbali, maana kila mtu sharti awe na jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Akaandika lake mwenyewe kwanza, kisha Reginald, na Padri akapata mlango. Akaandika Nikolao, katekista wa Nanganga, naye akapata. Akaandika Sabina, nami nikajiona mtu.

Akafika kwa yule wa Newala, na hapo vidole vikaganda hewani.

Sababu hamuijui, nami nitawapa. Ethel wa Newala ndiye mama mzazi wa Huruma, na Huruma ndiye mke wa Eliakimu. Na kwetu, kama mlizaliwa mbali, mkwe hamtaji mkwewe kwa jina. Hatamki, haandiki, hata akiota anajirudi. Humwita Mama, na watu wote humwita Mama Huruma, na mambo yanakwenda. Miaka kumi na moja ya ndoa Eliakimu hakuwa amelitoa jina lile kinywani, na leo mashine isiyo na ukoo wala mjomba inamdai aliandike herufi kwa herufi na kubonyeza chini yake.

Shujaa alitazama kushoto, akatazama kulia. Mimi nilikuwa nje nachemsha chai, hayo alinisimulia mwenyewe baadaye; laiti ningekuwa ndani. Akaifunga orodha pale pale. Kisha akampigia mkwewe simu, akamwamkia, akampa jina lake mwenyewe Eliakimu na neno lake mwenyewe la siri, akidhani jina la kuingilia ni kama ufunguo wa nyumba, kwamba watu wawili wakiwa nao hakuna ubaya. Akamwambia Padri kazi imekwisha. Padri akashukuru Mungu.

Sasa sikilizeni Alhamisi.

Saa mbili asubuhi aliingia ofisini kwa Mama Huruma binti mmoja wa Mnyambe, Anjelina, amekuja juu ya pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Mtwara. Cheti chake cha kuzaliwa kiliungua pamoja na nyumba yao, na chuo kilikubali cha ubatizo, mradi kifike kesho yake asubuhi kabla ya milango kufungwa. Basi la mwisho kutoka Newala kwenda Mtwara kwa njia ya Tandahimba lilikuwa la saa saba mchana. Likimwacha, nafasi inapewa mwingine. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuyaongezea chumvi.

Mama Huruma akavaa miwani, akaingia. Kioo kikamwandikia, "Karibu, Eliakimu." Akadhani mashine inamtaja aliyeitengeneza, akaona ni adabu nzuri. Akaanza kutafuta jina la binti kwa kidole kimoja, kwa sababu vingine havijazoea. Wakati huo huo Eliakimu alifika kazini Masasi, akafungua kompyuta yake ndogo, akaingia kwa jina lake kama mtu anayeingia kwake. Na mashine, ambayo kwa jina moja inatoa kiti kimoja, ikamtoa mama nje na kumkalisha mwanawe mahali pake.

Simu ikalia. Shikamoo Mama. Marahaba mwanangu, hamjambo huko, mjukuu wangu Trevor hajambo, wamemaliza kupalilia mikorosho? Hawajambo Mama, wanakaribia. Basi mwanangu, nimetolewa nje. Eliakimu akasema asiwe na wasiwasi, ataingia atazame. Akaingia, akaona kila kitu kizima, tena akakuta herufi za mama zimebaki pale, "Anje", akafurahi kwamba mambo yanafanya kazi. Akatoka. Mama akaingia. Shujaa, kwa uaminifu wake, akaingia tena ahakikishe kama mama ameingia.

Enyi mnaonisikiliza, mmeona balaa? Kila alipokwenda kumwokoa, alimtupa nje. Mara ya pili akalaumu bando la Newala. Mara ya tatu akailaumu ruta, akatambaa chini ya meza kupigana nayo ana kwa ana, na aliponyanyuka kichwa chake kikagonga meza, na chai yangu ikaenda yote juu ya magazeti ya Padri. Mara ya nne akaizima mashine nzima akaiwasha, na Nikolao wa Nanganga, aliyekuwa ndani kwa amani akitafuta ndoa ya mtu, naye akaanguka nje akapiga simu kuuliza kosa lake. Mara ya tano aliomba kwanza. Na kila mara, kabla ya yote, shikamoo, marahaba, hali ya Trevor na hali ya mikorosho, maana huwezi kumrukia mkwe na habari kavu. Saa zikaenda hivyo.

Saa sita na robo simu ikalia mara ya sita. Eliakimu akaiweka kwenye sauti kubwa. Haikuwa sauti ya mama. Ilikuwa ya binti, ya chini, ya mtu aliyekwisha kulia akanawa uso.

"Shikamoo baba. Nafasi hii nimeingoja miaka miwili. Kama haiwezekani niambie tu, nirudi nyumbani."

Nawaambia kweli, hapo mzaha ulinitoka. Niliacha kufuta chai. Nikamtazama Eliakimu, nikaona haangalii mashine, anaangalia vidole vyake, na mimi nimelea watoto watano, najua mtu anayeficha jambo anavyokaa. Nikamuuliza, "Baba Trevor, Mama Huruma anaingia kwa jina la nani?"

Shujaa akajidai kupanga nyaya. Nikamuuliza tena. Akasema kwa sauti ndogo, akiinamia meza, kwamba anaingia kwa lake, kwa sababu la mama yeye hawezi kuliandika, na mimi najua kwa nini hawezi. Tukavielewa vita vyote kwa mara moja, mimi na yeye, nikajishika kichwa. Asubuhi nzima mtu alikuwa akimfukuza mama mkwe ndani ya nyumba ya Mungu kwa ajili ya kumheshimu.

Nikamwambia asogee, niandike mimi. Ethel si mkwe wangu, tulicheza wote uwanjani pa misheni na jina lake nimelipigia kelele tangu sina meno ya mbele. Akaanza kunyanyuka. Lakini tulikuwa tumeisahau simu, nayo ilikuwa wazi, na kule juu ya mlima mama alikuwa amesikia neno kwa neno.

"Sabina, muache," akasema. "Kaa hapo, Baba Trevor. Mkwe aliyenitoa ndani mara sita, ndiye atakayeniingiza."

"Mama, siwezi."

"Sikukwambia unitaje. Nakwambia uniandike. Heshima yako nimeiona, nimeishiba tangu saa mbili, na mtoto wa watu anakosa basi kwa sababu yake. Mwenye jina ni mimi, na mimi nimekupa. Andika, mwanangu."

Eliakimu akaketi. Akaifungua orodha. Akafumba macho, akafumbua jicho moja kwa kuwa bila jicho haiwezekani, akashusha kidole juu ya herufi ya kwanza kwa namna mtu anavyoigusa pasi ya nguo ajue kama ina moto. Kisha ya pili. Ya tatu. Jasho likamtoka katika ofisi yenye feni. Herufi ni tano tu, lakini nimeona watu wakichimba kisima kwa jasho dogo kuliko lile. Alipomaliza ya tano akabonyeza, akageuza uso ukutani, akasema, "Tayari, Mama. Nisamehe."

Kule Newala mama akaingia. Tukamsikia anagonga kwa kidole kimoja. Kisha hatukusikia kitu. Eliakimu akadhani ametolewa tena, akashika kipanya kwa hofu, nikampiga kofi la mkono akakiacha.

"Kimeandika, Karibu, Ethel," mama akasema. "Wallahi, tangu marehemu mama yangu, hakuna aliyenikaribisha mahali kwa jina langu."

Mama mtu mzima wa kanisa anaapa kama jirani zake Waislamu wa Newala, na Padri alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Uso aliuelekeza kwenye magazeti yake yenye chai, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu.

Hapo mambo yakaenda mbio. Ukurasa ukapatikana: Anjelina, amebatizwa akiwa na miezi mitatu, namba yake ipo, wasimamizi wake wapo. Mama akauona kwa macho yake mawili na miwani, akaandika, akasaini, akapiga muhuri kwa kishindo tulichokisikia Masasi. Na wakati ule ule, shuhudieni, Nikolao alikuwa ndani kutoka Nanganga, mimi nilikuwa ndani kutoka kiti changu, Padri akaingia kutoka mezani kwake ili tu naye awemo, na Eliakimu mwenyewe akaingia, taratibu, kama mgeni. Watu watano katika mashine moja, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Saa saba kasorobo binti alikuwa kituoni, cheti kiko ndani ya bahasha, bahasha iko ndani ya daftari, daftari limeshikwa kwa mikono miwili. Basi lilimpeleka.

Basi ijulikane Nanganga, ijulikane Mnyambe, itangazwe Tandahimba penye mnada wa korosho watu wakiwa wengi: siku ile Eliakimu mwana wa Anselmo aliandika herufi tano akabaki hai. Wajukuu waambiwe. Mwaka uhesabiwe tangu hapo. Na mtu asimcheke nikiwa nasikia, kwa sababu mpaka leo akiifungua ile orodha anaufunika mstari wa tano kwa kiganja, na bado anaamkia, na bado anauliza hali ya magoti kabla ya jambo lolote.

Mimi ndiye ninayeangalia nani ameingia na saa ngapi, hiyo nayo wamenibebesha. Kila asubuhi, saa mbili, hata siku ambazo hakuna mtu anayetaka cheti, Ethel wa Newala anaingia. Anakaa dakika moja, hafungui chochote, anatoka. Sijamwuliza, wala sitamwuliza.