Majaribio Yangu kwa Punda Ruksa

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Punda hatembei. Naanza na hilo kwa sababu Mwalimu Generosa, anayetufundisha Sayansi darasa la sita, anasema shajara itaje kwanza jambo kubwa la siku, mengine yafuate.

Mengine ni haya. Baba alikuwa karani wa masjala wizarani. Mwezi wa sita alipunguzwa kazini pamoja na wenzake kumi na wanne. Baba mdogo Yotham wa Mlali akamwazima punda ajaribu kuuza maji hapa Nkuhungu, maana watu wote wanachota kwenye bomba moja la mtaa. Punda alifika juzi juu ya lori la mahindi. Baba amempa jina la Ruksa. Anasema siku hizi kila kitu ruksa, hata karani kuuza maji.

Leo asubuhi Baba amemfunga Ruksa madumu manne matupu, mawili kila upande. Akasimama nyuma yake na fimbo, kama afanyavyo kila mwenye punda hapa Dodoma. Akasema twende. Ruksa hakwenda. Baba akamsukuma Ruksa, Mama akamsukuma Baba. Hakuna kilichosogea isipokuwa viatu vya Baba.

Bupe aliona yote. Bupe ni jirani yetu, na pia tunakaa dawati moja. Mikosi miwili kwa mtu mmoja! Kwao wanauza maji kwa mkokoteni. Aliuliza kwa upole sana kama tumeazimwa punda au sanamu ya punda.

Baba amesema Jumapili ndiyo mwisho. Siku hiyo Baba mdogo Yotham anakuja mjini. Kama Ruksa atakuwa bado hajabeba maji, atarudi naye Mlali, na Baba atakwenda Makutupora kuvuna zabibu. Atalala huko huko mpaka msimu uishe, kisha atatafuta shamba jingine mbali zaidi. Mama alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Baba hajawahi kulala nje ya nyumba yetu.

Nimeamua. Nitamfundisha punda mimi mwenyewe, kwa njia ya sayansi. Tatizo, jaribio, hitimisho!

Jaribio la leo: maneno ya kutia moyo. Nimekaa mbele ya Ruksa nusu saa nikimweleza hali ya familia yetu. Amesikiliza vizuri kuliko Bupe darasani. Kisha amefumba macho.

Hitimisho: Ruksa ana haya.


Jumanne, 7 Septemba

Hana haya hata kidogo.

Jaribio la chakula. Nilitia pumba za mtama kwenye kopo, nikafunga kopo kwa uzi, na uzi nikaufunga kwenye ufito mrefu. Nikasimama nyuma, kama inavyotakiwa, nikapitisha ufito juu ya kichwa chake ili kopo lining'inie mbele ya pua. Punda alitakiwa kulifuata kopo. Alinyoosha shingo. Shingo ya punda ni ndefu kuliko nilivyodhani! Amekula pumba, amelamba kopo, ametafuna uzi. Miguu yote minne ilibaki pale pale.

Nilikuwa natafuta kopo jingine mkokoteni wa kina Bupe ulipopita, kamba ikiburuta nyuma yake. Ruksa akaondoka! Akaufuata mwendo wa taratibu, kichwa chini, kama mzee wa kanisa anayepeleka sadaka. Amekwenda hadi bombani. Bila madumu, kwa kuwa nilikuwa nimeyafungua.

Bupe ameitangazia foleni nzima kwamba punda wetu amekwenda kwao kuomba kazi, nao watamfikiria akileta barua kutoka kwa balozi wake wa nyumba kumi. Foleni imecheka. Mtu mzima mmoja amemwaga maji yake kwa kucheka.

Jioni nilimsugua Ruksa mgongo nikaona kidonda karibu na bega, mahali kamba ilipokuwa inakwangua. Nimekiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mama ametoa gunia, akalikunja mara mbili liwe linakaa chini ya madumu. Ruksa aliniegemea kwa uzito wake wote. Nimeanguka, lakini kwa furaha.

Hitimisho: anapenda magurudumu.


Jumatano, 8 Septemba

Magurudumu, ndiyo! Nimeazima ringi ya baiskeli yenye kipande cha mpira kinachoburuta nyuma, nikaisukuma mbele yake kwa kijiti. Ruksa akaifuata! Bahati mbaya barabara ya bombani ni mteremko. Ringi ilinishinda mbio. Imepita bomba, imepita foleni, imepita kinyozi, ikaingia mtaroni. Ruksa alifika ukingoni, akaitazama ringi kule chini, akasimama. Nikamsihi. Nikamtishia kumshitaki kwa Baba. Hakuna.

Ndipo akatokea Bibi Loisi na punda wake watatu wenye kuni. Bibi Loisi ni mama wa Kigogo anayeleta kuni mjini kila wiki. Nilimwamkia shikamoo, naye akanijibu kwa salamu ya kwao: mbukwenyi, mjukuu wangu. Sikumaliza hata kumweleza shida yangu. Ruksa alikwishajipanga nyuma ya punda wa tatu na msafara umeondoka.

Sikuweza kumwacha. Tumepeleka kuni kwa mama ntilie, kwa muuza pombe na kwa katekista. Kwa katekista nilisaidia kupakua.

Njiani Bibi Loisi alinipa maoni yake. Alisema punda huyu hakulelewa kutangulia. Alisema niache kuangalia miguu yake, niangalie macho yake yanatazama nini. Nilimshukuru kwa heshima zote. Bibi Loisi anajua kuni, lakini hajasoma Sayansi.

Nilifika shule saa nne. Mwalimu Generosa aliuliza nilikuwa wapi. Nilisema kweli: nilikuwa nafuatana na punda kugawa kuni za watu. Darasa lilipiga kelele. Bupe alipiga kelele peke yake baada ya wengine kunyamaza. Adhabu: kumwagilia miche ya mikorosho ishirini. Maji ya kumwagilia nimeyabeba kichwani, kwa kuwa mwenye punda hana punda.

Hitimisho: si magurudumu. Mkokoteni wa kina Bupe jana ulikuwa na kuni za mama yake. Kumbe ni harufu ya kuni! Nimeshindwa kula chakula cha jioni kwa msisimko.


Ijumaa, 10 Septemba

Ushindi!!

Nimechukua kuni sita jikoni nikazifunga mgongoni mwangu kwa kamba ya katani. Kamba ilikuwa ndefu, nchani imefumuka, ikaning'inia nyuma yangu hadi kwenye visigino. Sikuwa na muda wa kuikata. Jambo gumu lilikuwa kukaa mbele, maana hakuna anayetembea mbele ya punda, watu wote hukaa nyuma. Lakini harufu haiwezi kurudi nyuma kumtafuta punda. Inabidi itangulie.

Nikatangulia. Nikasikia kwato. Tup, tup, tup. Sikugeuka, niliogopa kuharibu sayansi. Tumefika bombani, tumejaza madumu mawili, tumerudi. Tone moja halikumwagika!

Bupe alisimama juu ya mkokoteni ili aonekane vizuri akapiga kelele: njooni jamani, Elieth ameota mkia! Watoto walitufuata hadi nyumbani wakiimba neno hilo hilo. Nimetembea kichwa juu. Nyuma ya choo nimelia kidogo. Si sana. Ruksa alikuja akasimama karibu akinipumulia sikioni, nikaona si haki mtafiti kulia siku ya ushindi.

Kesho nitamwonyesha Baba.


Jumamosi, 11 Septemba

Sitaki kuandika. Lakini Mwalimu Generosa anasema siku mbaya nayo ni siku.

Mama alinikagua kabla ya kuanza. Alisema binti wa karani hawezi kupita barabarani anaburuta kamba kama mbuzi aliyekata. Akaikunja vizuri, akaichomeka ndani ya mzigo. Nilipendeza sana. Baba akasimama mlangoni na mikono nyuma.

Nikatangulia. Sikusikia kwato.

Nilibadilisha kuni. Nilileta za mwarobaini, nilileta za mgunga, nikaleta na mkaa. Nilikwenda mbali nikarudi. Nilipepea harufu kwa mfuniko wa sufuria. Ruksa alinitazama kwa huruma. Bupe, juu ya ua, alisema labda nimjaribu kwa ubuyu.

Baba aliniambia ahsante, mwanangu, umejitahidi. Angenigombeza ningeumia kidogo zaidi ya hapo, au pungufu, sijui. Kisha akaingia ndani akatoa begi. Mama amepiga pasi mashati mawili. Nani anapigia pasi mashati ya kuchumia zabibu? Nilikaa naye nikamshikia ncha za mikono ya mashati.

Hakuna hitimisho.


Jumapili, 12 Septemba

Tumetoka kanisani tumemkuta Baba mdogo Yotham amekaa uani ana kamba ya kumfungia Ruksa. Lori linaondoka saa nane. Begi la Baba liko mlangoni. Baba bado amevaa suti yake ya kaunda ya kijivu, ile ya ofisini.

Nikaomba jaribio moja la mwisho. Baba mdogo alisema lori halimsubiri mwanasayansi. Baba akasema mwache ajaribu. Nilikimbia jikoni, nikazoa kuni zozote, nikazifunga mgongoni haraka haraka. Mama alikuwa anakoroga uji na hakupata nafasi ya kuchomeka kamba. Baba alifunga madumu yote manne juu ya gunia. Nikatangulia.

Tup. Tup. Tup.

Nikaenda hadi bombani, nikarudi. Madumu manne, yamejaa! Nilipoingia uani Baba mdogo Yotham alikuwa amekaa chini, anacheka hadi machozi, anapiga ardhi kwa kiganja. Alipopata pumzi alisema jamani, kosa ni langu, nilisahau kuwaambia. Kwake Mlali punda watano hubeba mahindi kwenda mashineni kwa mstari, na huyu tangu akiwa mdogo ni wa mwisho. Maisha yake yote hajaiona njia bila kuona mkia mbele yake. Mkienda wote nyuma yake anangoja mwenye mkia aje. Sasa binti yenu amejitolea kuwa na mkia!

Kutuonyesha, alichomeka kamba yangu akaniambia nitangulie. Ruksa akasimama. Akaichomoa. Ruksa akaenda. Watu wote uani wakasema aaaa! Nikawaeleza kuwa ni upepo umebadilika, harufu ya kuni ikakatika kidogo. Baba mdogo akaanza kucheka upya.

Baba mdogo akasema lakini mtoto ana shule, huo mkia utavaliwa na nani asubuhi?

Bupe alikuwa juu ya ua, mdomo tayari. Nilimwangalia Baba. Alikuwa anaangalia begi mlangoni. Kisha akanifungua kamba mwilini, akaikung'uta vumbi, akaifunga kwenye mkanda wa suruali yake. Nyuma. Akanyoosha kola ya suti ya kaunda. Akatoka.

Karani wa masjala, mwenye mkia, mbele ya punda, wakati watu wanatoka makanisani! Nilitembea kando nimeshika fimbo isiyo na kazi. Watu walisimama. Wengine walijishika midomo. Baba alimsalimia kila mmoja kwa jina, kama alivyokuwa akifanya dirishani kwake wizarani: habari za leo, karibuni maji, tunaleta hadi mlangoni. Mama mmoja alianza kucheka, akaishia kuagiza madumu mawili. Bupe alitukimbilia, akavuta pumzi ya kupigia kelele. Baba akamwahi. Akamuuliza hajambo, na masomo yanaendeleaje. Bupe akafunga mdomo. Akasema shikamoo baba.

Tumekwenda safari tatu. Lori limeondoka na Baba mdogo peke yake. Mama amefungua begi, amerudisha mashati kabatini, yakiwa bado yamenyooka.

Hitimisho: kamba ile imekaa na kuni siku tatu. Imenyonya harufu yote. Ndiyo maana inafanya kazi hata bila kuni. Nimefurahi kwamba watu wanafurahia mkia, lakini sayansi ni sayansi.


Jumatatu, 13 Septemba

Baba amemaliza safari mbili kabla sijaenda shule. Mama amemsukia kamba mpya ya katani na kuiacha na manyoya mwishoni, anasema kama ni mkia basi uwe nadhifu. Niliisugua kwa kuni kwa siri. Ruksa ameifuata bila wasiwasi. Mnaona!

Nimemweleza Mwalimu Generosa ugunduzi wangu wote wa harufu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema niendelee kuchunguza. Nimepewa kibali!

Kwa hiyo leo jioni nimekuja kwa Mama Tumsifu, nyuma ya msikiti, ambaye ng'ombe wake humpiga teke kila anayekuja kumkamua. Bwana mifugo amepigwa mara mbili na sasa anatoa ushauri akiwa nje ya zizi. Mama Tumsifu alisita, lakini amesikia habari za Ruksa mtaa mzima. Amesema nijaribu, ila hatakuwepo.

Nimeweka kuni nne mbele ya pua ya ng'ombe. Ametulia kabisa. Anazinusa. Ndoo iko tayari, nami naandika haya nikiwa nimechuchumaa ubavuni mwake ili nisisahau hatua yoyote. Ameinua mguu wa nyuma kidogo. Nadhani ananipisha nisogee karibu.

Nasogea.