Mfongo Uliofunguliwa Mara Tatu

Jumatatu, 3 Septemba 1951

Kiangazi kimetukamia. Miche yangu ya kahawa inanyauka nikiitazama. Kihamba changu, shamba nililorithi kwa baba, kiko mkiani kabisa mwa mfongo, mfereji wa wazee wetu unaoleta maji kutoka korongoni. Wenzangu wa juu wakishanywesha, mimi napata tope. Elinipendo, mke wangu, anateka maji mtoni, anapanda nayo mlima kichwani, anamwagia mche mmoja mmoja kwa kata. Leo hakunisemesha. Heri angenigombeza.

Anayegawa maji ni Mzee Ndelilio. Babu yake ndiye aliyechimba mfongo, na desturi yetu Machame ni hiyo: ukoo uliochimba ndio unaofungua, ndio unaogawa, ndio unaonywesha wa kwanza. Babu yangu mimi alichimba nini? Choo.

Lakini Mungu si Athumani! Leo kafika Mzungu mwenye kamera ya miguu mitatu. Tumeshamwita Bwana Sinema. Dereva na mkalimani wake ni Rajabu, mtu wa Moshi mjini, kofia safi, maneno mengi. Akasema Bwana anataka kupiga sinema ya mifereji yetu, ukweli mtupu, bila nyongeza. Akauliza mwenye mfongo ni nani.

Ndelilio hayupo. Kaenda Uru kumwona binti yake aliyejifungua, anarudi Alhamisi. Nikasikia mdomo wangu ukijibu kwamba ni mimi.

Hesabu yangu ni rahisi. Sinema itaonyeshwa mpaka Ulaya. Jambo likishaonwa na Ulaya nzima, nani hapa Machame atalibisha? Maji ya kwanza yatakuwa yangu. Miche itapona!

Jumanne, 4 Septemba

Kumbe ukweli una kazi nyingi.

Bwana Sinema alikuja nyumbani kutazama maisha yetu yalivyo. Bati la nyumba yangu likamchukiza, akageuza kamera ielekee migombani. Akaomba baiskeli iondolewe. Viatu nivue. Koti langu la kwaya, nililolipiga pasi tangu alfajiri, akalikataa kabisa. Rajabu akaeleza kwamba Bwana anataka nivae ngozi, kama tunavyovaa siku zote.

Siku zote! Hata baba yangu alizikwa na suruali. Nimezunguka kijiji kizima kutafuta ngozi. Mwishowe Elifuraha, jirani yetu, kanipa ngozi ya mbuzi anayoanikia ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Inawasha. Inanuka.

Elinipendo aliponiona akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama Mzee Ndelilio ana habari. Nikamwambia hii ni picha tu, mambo ya picha yanaishia kwenye picha. Akaniuliza kama nina uhakika. Wanawake kwa maswali!

Jumatano, 5 Septemba

Siku yangu kuu. Siku yangu mbaya. Sijui nianzie wapi.

Mfongo ulikuwa umefungwa kwa usafi, ukimngoja Ndelilio aufungue. Tukapanda mpaka kinywani mwake, pale maji yanapoacha korongo. Kijiji kizima kikafuata. Rajabu akasema Bwana anataka mambo yote ya kweli, na maneno ya kweli. Basi nikamwaga mbege kwenye ukingo, nikasema kwa sauti mbele ya watu: mimi Gidioni naufungua mfongo huu, ni wangu kuulinda mpaka mvua. Mzee Eliezeri, mmoja wa wazee wa kijiji, akashika mdomo. Nikavuta jiwe. Maji yakaja! Nilikaribia kupiga vigelegele mwenyewe.

Bwana Sinema akatikisa kichwa. Wingu limepita mbele ya jua. Irudiwe.

Tukaziba, nikamwaga mbege, nikasema maneno, nikafungua. Safari hii Martha, mjane wa pale juu, alitazama kamera akaipungia mkono. Irudiwe.

Ukingo ule ni mawe, udongo na vigogo vya migomba. Haujazoea kufunguliwa mara tatu kwa asubuhi moja. Nilipovuta jiwe mara ya tatu ukaenda wote. Wote! Maji yakarudi korongoni kwa kishindo, nami nikabaki nimeshika jiwe. Juu hayakwenda, chini hayakwenda. Rajabu akatafsiri kwamba Bwana amefurahi mno, picha imetoka nzuri.

Alhamisi, 6 Septemba

Ndelilio karudi. Wazee wakaniita.

Nikajitetea kwamba ulikuwa mchezo. Mzee Eliezeri akasema maji hayajui sinema. Nimemwaga mbege, nimesema maneno, watu wamesikia, tena mara tatu. Aliyefungua ndiye mlinzi mpaka mvua. Atajenga ukingo, atawapikia mbege wachimbaji, na ukibomoka tena ni wake. Nikakumbusha kwa unyenyekevu kwamba mfongo ni wa ukoo wa Ndelilio. Wakauliza, je, si nilimwambia Mzungu ni wangu? Wakacheka mpaka fimbo zikawaponyoka. Ndelilio peke yake hakucheka.

Elinipendo kaniamuru nipeleke isale. Ni jani letu la kuombea radhi, na ukipelekewa huwezi kumkatalia mwenye kosa. Isale letu limekauka. Nikachuma kwenye mpaka wa Ndelilio mwenyewe, nikazunguka mbele, nikabisha hodi, shikamoo Mzee.

Alilitazama lile jani, nadhani alilitambua. Akalipokea. Kisha akaniuliza kwa nini sikuja kuomba maji. Kila kiangazi hutoa zamu yake moja kwa mtu ambaye miche yake inakufa. Mwaka jana alimpa Martha. Mwaka huu alikuwa akinitazamia mimi, akaona kimya, akadhani mambo yangu mazuri.

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nyumbani nimelia kidogo. Nimemwambia Elinipendo ni moshi wa kuni.

Jumamosi, 8 Septemba

Tope mpaka kiunoni tangu jana. Mgongo si wangu tena. Leo nilipoinua macho nikamwona Ndelilio anashuka na jembe lake, umri wote ule. Nikamwambia Mzee, hii ni adhabu yangu. Akanijibu kwamba mawe haya anayajua kwa majina, nimpishe.

Katikati ya kazi akapita Bwana Shamba wa serikali, ana kiko mdomoni. Alisimama ukingoni akatunyooshea fimbo huku na huku. Bwana Sinema akampiga picha ndefu. Hakuna aliyemjali.

Jioni maji yakatembea. Ndelilio akayaelekeza mpaka kwangu kabla ya kihamba chake mwenyewe. Elinipendo alitua ndoo, akasimama kuyasikiliza yakiingia kwenye miche. Kisha akaniambia pole kwa kazi. Pole! Nalala na raha ya bwana harusi.

Jumamosi, 15 Desemba

Mvua zilikuja, miche imeshika. Na leo gari la sinema limekuja! Shuka jeupe limetundikwa uwanja wa shule, watu wametoka hata Kiboriloni.

Nilionekana. Mgongo wangu, ndani ya ngozi ya Elifuraha. Kisha akatokea Bwana Shamba na fimbo yake, na sauti ikasema kwa Kiswahili kizuri kwamba zamani watu hawa walikaa wakingoja mvua, mpaka Bwana Shamba alipowafundisha kuchimba mifereji.

Nikamtazama Ndelilio. Alikuwa ameweka mikono magotini, analitazama lile shuka, na babu yake hayumo. Hayumo popote.

Sijui nini kilinipandisha. Nikasimama mbele ya taa, kivuli changu kikamfunika Bwana Shamba mzima, nikapiga kelele kwamba ni uongo. Nikasema mfongo ule ulichimbwa na babu yake Ndelilio, tena nasema mimi niliyekuwa wa kwanza kumdanganya Mzungu. Watu wakaitikia mpaka mitambo ikazimwa. Ndelilio akanivuta koti nikae. Macho yake yalikuwa na maji.

Jumapili, 16 Desemba

Baada ya ibada nilimwahi Rajabu, aliyekuja na gari la sinema, kabla halijaondoka. Nikamwambia Bwana Sinema lazima arudi, ukweli upigwe upya, babu mchimbaji aonekane. Rajabu akasema si vibaya, Bwana atasikia, ila babu kafa zamani. Atahitajika mtu wa ukoo ule ule, damu yake hasa, ashike jembe mbele ya kamera. Yuko?

Nikamwambia yuko. Mjukuu wake wa upande wa mama, Gidioni, tena wanafanana sana.

Ndelilio bado sijamwambia kwamba sisi ni ndugu. Nitamwambia sinema ikishatoka.