Mitambo Yenu Haipigi Kelele ya Kutosha

Ndugu Meneja wa Mitambo ya Umeme wa Upepo,

Pokea salamu pamoja na heshima zote za cheo chako. Mimi ni fundi bati, mtengenezaji wa ndoo, makarai na mifereji ya paa. Ninakaa nyumba ya kwanza kutoka kwenye uzio wenu, ile yenye mlango wa bluu.

Nimeshafukuzwa mitaa mitatu kwa sababu ya nyundo. Dalali aliponidokeza kuwa nyumba hii imekosa mnunuzi kwa makelele ya mapanga ya mitambo yenu, niliuza hata pikipiki nikainunua. Hapa, nilijiambia, nitagonga bati mpaka nizeeke na hakuna atakayenisikia.

Ndugu Meneja, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mitambo yenu haina sauti. Mapanga nayaona yanazunguka, lakini ni kimya kitupu. Na usisingizie masikio yangu. Nyundo yangu naisikia vizuri kabisa, mpaka kwenye kiwiko.

2. Kimya hiki kimeharibu adabu nyumbani kwangu. Mke wangu ni mtu mpole, lakini tangu tuhamie akiniita chakulani mishipa ya shingo inamtoka. Mwanangu wa mwisho ameiga. Hata mama mkwe alipokuja kututembelea, alinifokea "habari za kazi".

3. Jumanne iliyopita majirani watano waliingia karakana, midomo wazi, mikono hewani, wakanisukumia karatasi. Nikajua ni nyundo tena. Nilitia sahihi bila kuisoma ili waondoke, kisha nikakaa juu ya karai bovu nikalia. Siwezi kuhama mara ya nne. Mwanangu amebadilishwa shule mpaka jina lake limekuwa Mgeni.

Kwa hiyo naomba mlegeze skrubu chache huko juu. Mkiona ni kazi, nitawafungia vipande vya bati kwenye kila panga, bure, na ngazi nitakuja nayo mwenyewe. Mkikataa, nitawashtaki kwa kufua umeme kimyakimya.

Nisalimie wote ofisini, bila kumsahau mlinzi wa getini anayeshinda ameziba masikio. Sijui anajikinga na nini.

Ni mimi, jirani yenu ninayesubiri kusumbuliwa,
Fundi Bati, mlango wa bluu

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniandikia jibu nyuma ya bahasha, maana anasema kwa mdomo ameshindwa. Kumbe mapanga yenu yananguruma kutwa kucha, na kiziwi ni mimi. Karatasi ya majirani ilikuwa inawalalamikia ninyi. Nyundo yangu hawajawahi kuisikia, wala hatuhami. Basi mtapokea barua mbili zenye sahihi yangu, moja inataka kelele, nyingine haizitaki. Fuateni ile ya majirani, huenda kelele zikipungua nami nikajua mke wangu amekuwa akisema nini.