Alama ya Ubora kwenye Mlango wa Kulia

Kabla jogoo wa jirani hajawika, Dorotea alisikia kitambaa kikilia kwi, kwi, kwi juu ya bati. Hakuwa na haja ya kutoka nje kutazama. Ni mwanawe Egidius, anausugua tena mlango wa kulia wa gari la ushirika, kama mtu anayedhani rangi iliyovimba huondoka kwa sabuni.

Gari lilikuwa jipya. Wakulima wa kahawa wa Butihinda, karibu wote waliorudi Burundi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania na sufuria moja na watoto wengi, walimtuma Egidius alifuate Gitega. Alikabidhiwa jioni, mvua ikinyesha, hakuona kitu. Asubuhi, mlangoni palikuwa na malengelenge ya rangi, upana wa kiganja. Wanachama wakaanza kunong'ona kwamba dereva amelikwaruza njiani. Jumapili ya mwisho wa mwezi mkutano ungeamua kama usukani ubaki kwake au apewe mwingine. Na kati ya vyote alivyorudi navyo kutoka kambini, Egidius alikuwa na kimoja tu ambacho hakijavunjika: jina lake.

"Mama, ningepata karatasi moja tu," alisema, "inayosema lilikuja hivi."

"Basi tuifuate hiyo karatasi."

Kampuni ya Magari ya Heshima, Gitega, ilikuwa imetangaza kwa herufi kubwa juu ya lango kwamba huu ni Mwaka wa Mteja Kuridhika. Kwa ajili hiyo ilianzisha Ofisi ya Kuridhisha Wateja, ambayo hufungwa wateja wanapokuja, ili watumishi wafanye kazi yao bila kusumbuliwa. Ni utaratibu wa busara. Safari ya kwanza Dorotea na mwanawe waliambiwa malalamiko hupokelewa kwa barua. Safari ya pili barua ilikuwa imepokelewa vizuri sana, ila ilitaja mlango wa kulia, na kulia kwa nani? Kwa anayekaa ndani, au kwa anayelitazama gari usoni? Jambo zito kama hilo halikuweza kuamuliwa na mtu mmoja. Lilipelekwa kwenye Kamati ya Pande.

Aliyefanya kazi kweli pale alikuwa mlinzi wa lango, Chabani. Safari zote mbili alimpa Dorotea kigoda chake na kikombe cha maji, mwenyewe akasimama juani. Safari ya tatu Dorotea alimletea maparachichi.

Siku hiyo waliitwa mbele ya direkta mwenyewe, mkuu wa kampuni, Bwana Kasiano, aliyekaa nyuma ya meza ambayo watu wawili wangeweza kulala juu yake bila kugusana.

"Mama, pale hakuna kasoro," alisema. "Mi ndiye direkta, nakuambia. Ile iko alama ya ubora. Gari inatoka nayo ku kiwanda."

Egidius alifungua mdomo abishe. Mama yake akamkanyaga mguu, taratibu.

"Asante, Bwana Direkta. Sisi watu wa shamba hatukujua. Utuandikie basi, maana wenzetu hawataamini."

Bwana Kasiano hakuwahi kumwona mteja aliyeridhika. Moyo ulimlainika. Akaandika kwa mkono wake, akapiga mihuri mitatu, na kwa ukarimu akaongeza kwamba gari lisilo na alama hiyo litiliwe shaka.

Jumapili ya mkutano barua ilisomwa. Egidius akaachiwa usukani, na walionong'ona wakapanga foleni kugusa malengelenge kwa heshima. Kufikia Jumatano habari ilikuwa sokoni Muyinga, kwa wafanyabiashara wenye magari ya kampuni ileile, milango laini kama yai. Wakaenda Gitega kudai alama zao. Wa Giheta wakafuata. Ofisi ya Kuridhisha Wateja ikafunguliwa kwa mara ya kwanza, kwa kusukumwa.

Ndipo Bwana Kasiano mwenyewe akafunga safari ya Butihinda kuichukua barua yake. Gari lake jeusi liling'aa pande zote. Watu walilizunguka, wakakagua milango minne, wakampa pole.

Dorotea alimkaribisha kama mgeni yeyote: mtungi wa pombe ya mtama, mirija, na Mzee Dominiko na wenzake wawili kama mashahidi. Huku, ng'ombe akiuzwa, muuzaji na mnunuzi hunywa mtungi mmoja mbele ya wazee. Ukishavuta mrija umemkubali mnyama na kovu lake, na neno halirudi. Bwana Kasiano alikulia mjini, na vumbi lilikuwa jingi. Akavuta kwa muda mrefu.

Kisha akafuta midomo, akaeleza kwamba kulitokea kosa dogo la kiutawala, na barua inahitajika Gitega.

"Umeshakunywa, baba," alisema Mzee Dominiko.

"Nilikuwa na kiu tu."

"Wote huwa na kiu."

Direkta akaahidi mlango mpya, bure, apewe barua tu. Egidius alimtazama mama yake.

"Tuitoe alama ya ubora?" alisema Dorotea. "Hapana, baba. Alama nyingine wape wa Muyinga, wanalia."

Akamfungia maharage ya kumpelekea mlinzi, akamsindikiza hadi kwenye lile gari lisilo na alama.

"Uje tena utusalimie, Bwana Direkta, barua utaikuta palepale. Ila siku hiyo uje na Chabani. Naye apate pa kukaa."